Kijana wa laki nne na nusu, kampuni ya milioni saba: nani anakupiga?

Swali

"Shikamoo. Nina karakana ya fanicha Keko, aliyotuachia baba. Tunatengeneza vitanda, makabati na sofa, na wateja wengi tunawapata Instagram na WhatsApp. Sasa nataka tovuti. Kijana mmoja kaniambia laki nne na nusu, siku tano, anafanya kila kitu mwenyewe. Kampuni moja nayo imeniletea karatasi ya milioni saba na laki mbili, na ndani wameorodhesha watu saba: mtafiti, mbunifu wa muonekano, mbunifu wa violesura, developa wa mbele, developa wa nyuma, mkaguzi na meneja wa mradi. Hao wote wanafanya nini kwenye tovuti ya vitanda? Kampuni inanipiga, au kijana ndiye ananipiga changa la macho? Na jina liwe .com au .co.tz? Karatasi zote mbili nimeambatanisha."

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kwa nilivyosoma karatasi zako, hakuna anayekupiga. Kijana anakuuzia kitu kimoja na kampuni inakuuzia kingine, ila wote wameandika juu "Kutengeneza tovuti", ndiyo maana bei zinaonekana za wendawazimu. Kilichonisumbua mimi ni mstari mdogo ambao wote wawili wameuweka, kampuni ukurasa wa mwisho na kijana chini kabisa ya bei: "Maudhui yatatolewa na mteja." Maana yake maneno yote na picha zote ni juu yako. Kwa biashara ya fanicha, hapo ndipo ilipo nusu ya kazi, na hakuna aliyeipigia hesabu. Nitaurudia mstari huo nikishamaliza na watu wako saba.

Zamani kweli mtu mmoja alitosha. Tovuti ya kwanza duniani, ambayo Tim Berners-Lee aliitengeneza CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu. Aliyejua kuandika na kupakia mafaili kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, alikuwa amemaliza, na miaka ile ya tisini alijulikana kama webmasta. Kisha kila kitu kipya kikazaa fundi wake. Mwaka 1995 ikaja JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich wa Netscape, kurasa zikaanza kuitikia. Desemba 1996 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, likapitisha CSS, lugha ya kupanga rangi, herufi na nafasi, watu wa sanaa nao wakapata kazi. Watu walipoanza kufungua tovuti kwa simu, Ethan Marcotte akaeleza mwaka 2010 namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga upya kufuata upana wa kioo, na kazi ya kuchora ikawa ngumu maradufu. Kwa hiyo kazi saba zilizo kwenye karatasi ni za kweli. Swali ni ngapi kati ya hizo unazihitaji mwaka huu.

Anza na mtafiti, maana ndiye anayechekwa zaidi. Kazi yake ni kujua nani atafungua tovuti na amekuja kutafuta nini, kabla mtu hajachora hata kitufe kimoja. Kampuni imekuandikia siku tano za kazi hiyo, lakini wewe matokeo yake unayo tayari kwenye simu. Fungua WhatsApp ya biashara, soma ujumbe wa wateja wa miezi mitatu iliyopita, andika kila swali linalojirudia. Nakisia utakuta haya: bei gani, ni mninga kweli au ni mti mwingine umepakwa rangi, mnafikisha Kigamboni, nikitoa advansi leo napata lini, naweza kupata futi tano kwa sita badala ya sita kwa sita. Yanayoulizwa zaidi ndiyo yajibiwe juu kabisa. Historia, dira na dhamira, ambazo tovuti nyingi za hapa mjini huanza nazo, zikae mwisho. Sijawahi kusikia mtu anayetafuta kitanda akiulizia dira.

Kuna sehemu moja ya utafiti ambayo ujumbe wa WhatsApp hautakupa, nayo ni kumtazama mtu akitumia kitu. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wakijaribu tovuti, kila mmoja kwa wakati wake, wanatosha kufichua matatizo yake mengi. Watano unao. Tovuti ikiwa bado rasimu, mpe simu shangazi, mpe dereva wa kirikuu anayewapelekea mizigo, mpe na wateja watatu unaoelewana nao. Waambie watafute kabati la milango mitatu na waone gharama ya kulifikisha Mbagala. Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi hushindwa: mtu akibabaika kidogo tu wanamwambia "bonyeza hapo juu", na jaribio linakuwa limekufa.

Wabunifu wawili ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa mtaani wote wanaitwa dizaina. Wa muonekano anashughulika na nembo, rangi, aina ya herufi, na jinsi ukurasa mzima unavyokaa machoni. Wa violesura anashughulika na kinachotokea kidole kikigusa. Huyu wa pili ndiye atakayekuuliza: mteja akichagua kitambaa cha kijivu, picha ya sofa ibadilike? Akikosea namba ya simu, fomu imwambie nini? Kitanda kikiwa kimeisha, ukurasa wake ufutwe au useme kingine kitatoka lini? Ukikutana na mtu anayeuliza maswali ya namna hiyo kabla hajafungua kompyuta, usimwache. Nimewaona wachora mabango hodari ambao kazi zao zinapendeza kwenye fulana na kalenda, lakini wakichora tovuti wanaweka maandishi ya kijivu juu ya picha ya mbao, halafu wanashangaa hakuna anayesoma.

Kwa hilo la kusomeka vipimo vipo, huna haja ya kubishana juu ya ladha. Mwongozo wa ufikivu wa W3C unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza kwamba sehemu za kubonyeza, ukiacha hali chache, zisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Viliwekwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu na mikono isiyotulia, ila hata mwenye macho mazima atavihitaji akiwa amesimama kituo cha mwendokasi Gerezani saa saba mchana, jua linapiga kioo cha simu. Zana za kupima uwiano huo ziko mtandaoni bure; kijana wako akifanya hivyo mbele yako, mwongezee chai.

Jambo jingine la wabunifu: waambie wachore kwa maneno yako halisi ya Kiswahili. Templeti nyingi, yaani violezo vya tovuti vilivyotengenezwa tayari, zimepangwa kwa vitufe vya neno moja fupi. Ukiweka "Omba bei pamoja na usafiri", kitufe kinavunjika mistari mitatu na kuisukuma picha nje ya kioo. Hilo linarekebishika kwa dakika chache kwenye mchoro, na kwa siku nzima likishajengwa.

Developa wa mbele huichukua michoro na kuigeuza ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, kwa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), CSS na JavaScript. Huyu kazi yake unaweza kuipima bila kujua kuandika msimbo. Google wenyewe wanapendekeza kitu kikubwa kilicho kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Adui yako hapo ni picha. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti nne. Weka ishirini kama zilivyo, na mteja ameteketeza megabaiti themanini za bando kabla hajajua unauza nini. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa ilingane na kioo na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP inaweza kushuka chini ya kilobaiti 200, na jicho la kawaida lisione tofauti. Muulize kijana atazipunguzaje. Akisema atatumia plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, hilo ni jibu halali. Akisema siku hizi intaneti ina kasi, tafuta mwingine.

Mwombe pia akutajie tovuti tatu alizokwisha kutengeneza, na zifungue kwenye simu ya bei rahisi ya mmoja wa mafundi wako, kwa bando, ukiwa hapo hapo Keko. Usikubali kuoneshwa kwenye kompyuta yake. Halafu muulize katika kila moja yeye alifanya nini hasa: alichora, alijenga, au alibadilisha rangi tu kwenye templeti aliyoinunua. Hata hilo la mwisho si kosa, mradi aseme.

Na kuna alama ndogo kwenye HTML inayotaja lugha ya ukurasa, ambayo kwa Kiswahili huandikwa "sw". Templeti huja na "en" na mafundi wengi huiacha hivyo. Matokeo yake programu inayowasomea wasioona inaweza kuyatamka maneno yako ya Kiswahili kama Kiingereza, na hapo hakuna kinachoeleweka. Kubadilisha ni herufi mbili.

Tunafika kwa developa wa nyuma, ambaye kwenye karatasi ya kampuni amekula karibu theluthi ya fedha yote. Huyu anajenga kisichoonekana: kanzidata ya bidhaa, oda, akaunti za wateja, na malipo. Malipo ya simu hasa ndiyo yenye kazi. Mteja anaagiza, seva yako inatuma ombi kwa mtandao wa simu au kwa kampuni ya kati, mteja anaweka namba ya siri kwenye simu yake, kisha taarifa inarudi kwenye seva kwamba fedha imeingia. Njia hiyo inaweza kukatika popote, na ujuzi wa developa unaonekana pale fedha inapotoka kwa mteja halafu taarifa isirudi. Anayekwambia atakujengea hayo yote kwa siku tano hajawahi kupigiwa simu na mteja ambaye fedha yake imekatwa na oda haionekani.

Lakini je, unayahitaji? Sofa ya oda haiuzwi kama vocha. Mteja anachagua mbao, kitambaa na vipimo, anakuja kuikalia, anatoa advansi, anamalizia ikishafika kwake. Kwa mwaka wa kwanza kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe wenye jina la bidhaa tayari, pamoja na lipa namba yako kwenye ankara, vinakutosha kabisa. Mfute huyu. Siku utakapoanza kuuza stuli na meza ndogo zilizo tayari stoo, utamwita, na hapo usimtafute wa bei ya kutupa.

Hata bila malipo, ukiweka fomu inayokusanya majina na namba za watu umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili huko. Karatasi zako zote mbili zimelipita hilo kimya. Waulize wote, na wewe mwenyewe punguza unachokusanya: jina, simu, eneo la kufikisha mzigo. Fomu ya kijana ina sehemu ya tarehe ya kuzaliwa. Ya nini, kwa mtu anayenunua kabati?

Mkaguzi na meneja sitakaa sana kwao. Mkaguzi hufungua kila ukurasa kwa simu na vivinjari tofauti, hubonyeza kila kitufe, hujaza fomu kwa makusudi mabaya aone itavunjika wapi. Kwa tovuti ya kurasa kumi, wewe na binamu mwenye subira mnaimaliza kazi hiyo jioni moja, mkiwa na orodha. Meneja huhakikisha kazi zinafuatana na mtu mmoja anasema ndiyo au hapana. Mtu huyo awe wewe. Tovuti nyingi za familia hukwama pale baba mdogo anapotaka bluu, kaka anataka kijani, na fundi hajui amsikilize nani.

Sasa ule mstari wa "Maudhui yatatolewa na mteja." Mpiga picha hayumo kwenye orodha ya watu saba, na kwangu huyo ndiye ningemlipa kwanza. Wateja wa Dar wameshaumwa na nyoka: wanaoneshwa picha ya sofa iliyotolewa mtandaoni, ya Uturuki au China, wanaletewa kitu kingine. Picha zako mwenyewe, zilizopigwa karakanani, ndizo zitakazokutofautisha na muuzaji wa kando yako. Mlipe mpiga picha siku moja nzima. Kila bidhaa ipigwe kwa pembe ile ile, kamera ikiwa usawa wa goti, mwanga wa mlangoni asubuhi, ukuta mmoja mtupu nyuma. Iwepo picha moja ya karibu inayoonesha mishipa ya mbao na kona ya maungio, moja ya droo ikiwa wazi, na moja mtu amekaa au amesimama pembeni ili ukubwa uonekane. Andikishianeni kwamba una ruhusa ya kuzitumia popote, kwa sababu hakimiliki ya picha kwa kawaida huanzia kwa aliyeipiga.

Baada yake mwandishi. Hapa simaanishi mtu wa kukuandikia "sisi ni vinara wa ubora". Mwandishi wa tovuti anakaa na mafundi wako saa chache, anatoka na maelezo ya kila bidhaa: vipimo kwa futi na kwa sentimita, aina ya mbao, kama godoro limo au halimo, siku za kutengeneza, gharama ya usafiri kwa kila eneo, na mguu ukivunjika ndani ya mwaka mnafanyaje. Anaandika kichwa cha ukurasa "Kitanda cha mninga futi 6 kwa 6", kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyoandika Google. Kufanya hivyo, na kujisajili kwenye ramani ya Google kwa wasifu wa biashara, ambao ni bure, kutakusaidia kuliko yeyote atakayekuahidi kwa fedha kuwa namba moja kwenye matokeo.

Mwandishi huyo atakushauri uweke bei, na utakataa. Nakuomba usikatae. Najua mazoea ya "bei njoo inboksi", na najua sababu yake: majirani wanachungulia, na kila mteja ana bei yake. Ila anayelinganisha maduka matatu saa tano usiku, wewe umelala, atamfuata aliyeandika. Weka "kuanzia shilingi kadhaa", na useme kinachoipandisha.

Basi, ningekuwa wewe, kazi ningempa kijana, kwa masharti. Anatumia WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003, ni bure, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo, kwa hiyo hakuna aibu wala ujanja hapo. Unamlipa kwa kuipanga vizuri. Mwongezee muda, wiki tatu au nne badala ya siku tano, na mwongezee fedha kidogo kwa muda huo. Mpiga picha na mwandishi walipe wewe moja kwa moja, nje ya bei yake. Na kabla hajaanza kujenga, mtafute mbunifu wa violesura, umlipe kikao kimoja apitie michoro na kuikosoa. Ni kama unavyomwita fundi wa varnishi kwenye kazi moja tu bila kumwajiri mwezi mzima. Ukijumlisha yote hutakaribia milioni saba.

Kampuni usiichukie. Ukifungua tawi la pili na kuanza kuuza bidhaa zilizo tayari, zenye malipo na stoo inayojihesabu, rudi kwao. Siku hiyo waombe majina ya watu wenyewe, kwa sababu mara nyingi karatasi yenye kazi saba ina watu watatu nyuma yake. Watatu wazuri wanatosha, ila bei nayo ishuke ifanane nao.

Kitu kingine kinachokosekana pande zote ni matunzo. WordPress na plagini zake hutolewa matoleo mapya mara kwa mara, mengine kwa ajili ya kuziba matundu ya usalama, na tovuti isiyoguswa mwaka mzima ni mlango ulio wazi. Mkubaliane na kijana malipo madogo ya kila mwezi: asasishe, ahifadhi nakala nje ya seva, na mara moja moja aijaribu nakala hiyo kama inarudi. Nywila za seva na za WordPress ukabidhiwe wewe kabla ya malipo ya mwisho.

Na jina: chukua .co.tz kwanza. Wateja wako wako hapa, na jina lenye Keko ndani yake lina uwezekano mkubwa wa kuwa bado halijachukuliwa. Ukiipata na .com, ilipie pia na uielekeze kule kule. Vikoa (majina ya tovuti) vya .tz vinasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa hiyo uliza unasajiliwa na nani. Usajili ubebe jina la karakana, barua pepe yako na namba yako. Nimekutana na mfanyabiashara ambaye kikoa chake kilikuwa kwenye barua pepe ya fundi aliyehama mji na kubadilisha namba. Muda ulipoisha hakuna aliyelipia, na yeye alikuwa ameshachapisha mabango na vitabu vya risiti. Weka kikumbusho cha kulipia upya kwenye simu yako mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya tarehe.